Itifaki Izingatiwe: Jinsi ya Kuwapanga Malaika Meza Kuu

Mshereheshaji wa Tanzania ana sentensi moja inayomwokoa kila anaposhika kipaza sauti: itifaki imezingatiwa. Akishaitamka, mbunge, diwani, paroko, mjomba wa bwana harusi na mwenyekiti wa kamati wote huhesabika wametajwa, na hakuna wa kununa. Nimeitamka mwenyewe miaka mingi katika kumbi za parokia. Niliwahi kuchana orodha ya meza kuu mara tatu kwa jioni moja, kwa kuwa mgeni mmoja alituma mtu kuuliza kwa nini kiti chake kiko mbali na keki.

Mwongozo huu nawaandikia wenzangu wa kipaza sauti, pamoja na wale wote wanaokagua jina lao limechapwa la ngapi kwenye kadi. Kazi ni moja. Umepewa meza kuu, na wageni wako ni malaika, makundi tisa kama mapokeo ya Kanisa yanavyowahesabu. Wapange. Ninaowatania ni ninyi na meza yenu. Malaika nawaamini, na nimewaamini tangu bibi aliponifundisha kumwomba malaika mlinzi kabla hajazima koroboi.

Tafuta kwanza orodha ya wageni. Ile inayojulikana zaidi imo katika kitabu cha Kigiriki juu ya daraja za mbinguni, kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 5 au mwanzoni mwa karne ya 6, yaelekea huko Siria. Mwandishi alijiita Dionisio Mwareopago, yaani yule Mwathene aliyeamini baada ya kumsikia Paulo katika Matendo ya Mitume sura ya 17. Karibu miaka elfu moja watu walimsadiki. Katika karne ya 15 Lorenzo Valla akatia shaka, na mwaka 1895 wanazuoni wawili Wajerumani, Hugo Koch na Joseph Stiglmayr, kila mmoja kwa utafiti wake, wakaonyesha kwamba kitabu hicho kimechota kwa Proclus, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 485. Mtu aliyetufundisha vyeo vyote vya mbinguni hakutuachia hata jina lake halisi. Liweke hilo moyoni unapoandika kadi za meza.

Orodha yake imegawanyika mara tatu, watatu watatu. Juu kabisa wako Maserafi, Makerubi na Viti vya Enzi. Katikati wako Usultani, Nguvu na Mamlaka. Chini wako Falme, Malaika Wakuu, na mwisho Malaika wasio na nyongeza yoyote katika jina. Hakuyatunga majina hayo. Maserafi wamo katika Isaya, makerubi wamo tangu Mwanzo, na mengi ya yaliyobaki yanatoka katika barua za Paulo kwa Waefeso na Wakolosai. Ila Paulo aliyataja kama mtu anayetaja kwa mkupuo kila chenye ukubwa ili aseme Kristo yuko juu ya vyote, na orodha zake mbili hazina mfuatano mmoja. Mfuatano ni kazi ya Dionisio. Hilo neno Usultani nalo ni letu wenyewe: limo katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, na wakati huo Zanzibar ilikuwa bado ina sultani.

Usiipeleke orodha kwa mchapaji bado, maana iko ya pili. Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri yake ya 34 juu ya Injili, mnamo mwaka 591, naye alihesabu makundi tisa, ila Nguvu na Falme aliwabadilishia viti: waliokuwa wa tano wakawa wa saba, na wa saba wakawa wa tano. Sasa umekwama, maana mmoja ni Papa na mtakatifu, na mwingine alidhaniwa kuwa mwanafunzi wa Paulo. Dante, katika sehemu ya Paradiso ya utenzi wake mkuu, alilimaliza jambo kwa namna ninayoipenda kuliko zote: anasema Gregori alipofika mbinguni na kufumbua macho, alijicheka. Hakuna kikao kilichoitishwa wala aliyeandika barua ya malalamiko. Mtakatifu alikosea viti viwili, akafika kwa wenyewe, akacheka. Mshereheshaji anayeweza kufanya hivyo mbele ya ukumbi uliojaa bado sijamwona.

Mahubiri hayohayo yana jambo jingine, na hapa naomba upunguze mwendo. Gregori alikuwa akifafanua Luka 15, habari ya mwanamke mwenye shilingi kumi aliyepotewa na moja, akawasha taa na kufagia nyumba mpaka akaiona. Kwa nini kumi? Gregori akajibu kwamba shilingi tisa ni makundi tisa ya malaika, na ile ya kumi ni mwanadamu. Hesabu ya mbinguni ilikuwa pungufu, na iliyopungua ilikuwa sarafu iliyoangukia uvunguni kwenye vumbi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya ukuu wa malaika, na sijui lolote linalowatukuza kuliko hili, kwamba wao tisa, pamoja na mng'ao wao wote, wanahesabiwa hawajatimia bila sisi. Kwa hiyo agiza viti kumi.

Sasa waite wa juu. Shida yako ya kwanza ni kwamba Maserafi hawakai. Isaya aliwaona mwaka ule aliokufa mfalme Uzia, nao walikuwa wamesimama, kila mmoja ana mabawa sita: mawili amefunika uso, mawili amefunika miguu, mawili anarukia. Jina lao lina maana ya wanaowaka. Wapiga picha wako wataomba nyuso zao na hawatazipata. Huku kwetu mtu akishapata kiti cha mbele, jambo la kwanza ni kuhakikisha uso wake umeonekana, hata kama mtoto wa kipaimara aliye nyuma yake hatamwona askofu. Hawa, kadiri wanavyokikaribia kiti cha Mungu, ndivyo wanavyozidi kujifunika. Wimbo wao unaujua. Ni ule wa mara tatu Mtakatifu, na katika Misa kuhani kabla ya kuuanza hutaja malaika, mara nyingi pamoja na malaika wakuu, kwamba tunaimba pamoja nao. Serafi mmoja alipoondoka mahali pake, alikwenda na koleo na kaa la moto kumsafisha midomo mtu aliyekiri kwamba midomo yake ni michafu.

Wa pili ni Makerubi, na kwao nakuomba jambo moja: usimtafute mtoto mnono mwenye vijibawa. Najua umemwona kwenye kadi za harusi, kwenye keki, kwenye mapazia ya ukumbi. Wachoraji wa Italia walimpenda sana, na wawili mashuhuri kuliko wote, wale waliojiegemeza viwiko wakitazama juu, wamo chini ya mchoro wa Bikira Maria ambao Raphael aliuchora mnamo 1512 na sasa uko Dresden. Ni watoto wazuri, lakini kerubi ni mwingine kabisa. Mwanzo inamweka mlangoni mwa Edeni penye upanga wa moto ugeukao huku na huku. Ezekieli, akiwa kati ya mateka kando ya mto Kebari, aliona viumbe wanne wenye nyuso nne kila mmoja: ya mwanadamu, ya simba, ya ng'ombe na ya tai, na kando yao magurudumu yaliyojaa macho pande zote; katika sura ya 10 anasema alitambua kuwa viumbe hao ni makerubi. Sulemani alichonga wawili kwa mzeituni, akawafunika dhahabu, na kila mmoja alikuwa na kimo cha mikono kumi, yaani kama mita nne na nusu. Mabawa yao yalianzia ukuta huu yakaishia ukuta ule. Pima dari la ukumbi wako kabla ya kutuma mwaliko.

Kiswahili nacho kimewakaribisha malaika kwa njia yake. Vinyweleo laini vya mwilini tunaviita malaika, na mtoto mchanga tunamwita malaika. Mama aliyemzika mwanawe wa siku tatu akisema Mungu amemchukua malaika wake, mwache aseme, na wewe ukae naye mkekani. Hapo pana upendo, na elimu ya vyeo isubiri nje. Siku nyingine, darasani, ndipo utasema lile ambalo Kanisa limefundisha daima: mwanadamu hageuki malaika akifa. Ni viumbe wa namna mbili, na mtoto yule mbinguni ni mtoto yule, kwa jina alilobatizwa.

Kundi la tatu halihitaji kiti kwa sababu lenyewe ni kiti. Viti vya Enzi, asema Dionisio, wako kwa ajili ya kumpokea na kumchukua Mungu. Hivyo safu yote ya mbele ya meza yako imebaki tupu: wa kwanza wamesimama wakiimba, wa pili wanalinda, wa tatu wamekaliwa.

Usultani, Nguvu na Mamlaka sitakaa nao sana, maana Maandiko yanataja majina yao na kupita. Ila yako mafundisho ya Dionisio yanayoyahusu makundi yote na yanayopaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi. Nuru, anasema, inatoka kwa Mungu inawafikia wa juu, nao wanawapa wa kati, nao wanawapa wa chini, na kazi ya kila daraja ni kutakasa, kuangaza na kukamilisha wale wanaofuata. Sababu ya kuwa juu ni kupokea kwanza ili kugawa kwanza. Kwetu cheo hufanya kazi kinyume chake. Nimewahi kufuata karatasi moja ofisini muda wa miezi minne, na kila nilipouliza niliambiwa njoo kesho, faili liko kwa mkubwa. Mkubwa wa Dionisio angekuwa na aibu kulala na nuru mezani kwake. Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliyachukua mafundisho hayo akayapanga upya katika Summa yake, na akaongeza kwamba kila malaika ni aina yake peke yake: wanatofautiana kama mwembe na mnazi, si kama mwembe huu na ule. Usiwashonee sare.

Falme ndio walezi wa mataifa. Wasomaji wa Biblia huwaunganisha na Danieli sura ya 10, ambako mjumbe anafika amechelewa siku 21 na kueleza sababu: mkuu wa ufalme wa Uajemi alimzuia, mpaka Mikaeli akaja kumsaidia. Tazama lakini alivyoanza. Alimwambia Danieli kwamba maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Kucheleweshwa kulikuwa njiani, vitani. Mezani halikulala neno hata usiku mmoja.

Tumefika kwa Malaika Wakuu, na hapa washereheshaji huharibu sana, kwa kuwa ndipo majina yanapoanza. Majina unayoruhusiwa kuyatamka ni matatu: Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, ambao Wakatoliki tunawaadhimisha pamoja tarehe 29 Septemba. Usiulize zaidi. Manoa, baba yake Samsoni, aliuliza, akajibiwa kwa swali: kwa nini wataka kulijua? Katika karne ya 8 mhubiri mmoja wa nchi ya Wafranki, Adalbert, alitunga sala ya kuwaita malaika wanane kwa majina, na mwaka 745 sinodi chini ya Papa Zakaria huko Roma ikaikataa, ikisema majina tuliyopokea ni hayo matatu tu. Vatikani ililirudia onyo hilo mwaka 2001. Ndugu zetu wa Ethiopia wana mapokeo yao ya kale, wanacho kitabu cha Henoko ndani ya Biblia yao, na Urieli wanamheshimu kanisani. Hilo ni la kanisa zima na lina karne nyingi. Ninayemkemea ni yule anayekuuzia leo, kwa pesa ya simu, jina la malaika wako binafsi na chupa ya mafuta ya kumwitia. Huyo mfukuze ukumbini kabla ya neno la utangulizi.

Bahasha nayo usiandae. Kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki na Waorthodoksi, kinasimulia jinsi Rafaeli alivyoajiriwa kumsindikiza kijana Tobia safarini, kwa makubaliano ya drakma moja kwa siku. Mmoja wa wale saba wanaosimama mbele ya Bwana alikubali kibarua, akatembea njia yote, mbwa akiwafuata. Waliporudi, baba na mwana waliona drakma hazitoshi, wakampa nusu ya mali yote waliyoleta. Hakuichukua. Aliwaambia wamshukuru Mungu, akataja jina lake kwa mara ya kwanza, wakaanguka kifudifudi kwa hofu, naye akaenda zake. Wageni rasmi niliowaona wakiondoka hivyo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwisho wa orodha ni Malaika tu, na hao ndio ungewapa viti vya plastiki karibu na jiko. Fikiri tena. Thomas anafundisha kwamba kila mtu, tangu kuzaliwa, ana malaika wake wa kumlinda, na kwamba walinzi hao wanatoka katika daraja hii ya chini kabisa. Bwana mwenyewe katika Mathayo 18 aliwakataza watu kuwadharau wadogo, na sababu aliyotoa ni kwamba malaika wao mbinguni siku zote wanautazama uso wa Baba. Aliye wa mwisho katika tisa, anayekesha kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa, anauona uso uleule ambao serafi anafunika macho mbele yake. Hana chumba cha kusubiria wala katibu muhtasi wa kumpitia.

Imebaki salamu. Wewe umelelewa vizuri, kwa hiyo utataka kuwaamkia shikamoo. Yohana alijaribu, na alifanya lile ambalo wazee wetu wanasema ndiyo asili ya neno hilo: alishuka mpaka miguuni. Mara mbili, katika Ufunuo sura ya 19 na ya 22, na mara zote mbili malaika alimkataza. Sababu yake imo katika neno moja ambalo Biblia yetu imelihifadhi vizuri na vijana wengi hawalijui: alisema yeye ni mjoli. Mjoli, kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, ni mtumwa mwenzako chini ya bwana mmoja. Kiumbe aliyemwonyesha Yohana mji wenye malango ya lulu alitafuta neno la kueleza uhusiano wao, akachagua hilo.

Kwa hiyo subiri usalimiwe. Kwetu mdogo ndiye anayeanza. Mtoto akipita bila kuamkia, habari humfikia mama yake kabla hajafika nyumbani. Gabrieli alikuwako kabla ya milima, akaingia Nazareti kwa msichana aliyeposwa na seremala, akaanza yeye kumsalimu. Kisha akamwambia asiogope, kama alivyokwisha kumwambia mzee Zakaria wa Injili ya Luka. Gregori aliona hapo sababu ya kutumwa malaika mkuu, kwa kuwa habari ilikuwa kuu kuliko zote. Mimi naona pia nani alitangulia kusalimu.

Baadhi ya Waprotestanti wataniambia orodha yenyewe haina msingi. Mwaka 1520 Luther alimwona Dionisio kuwa wa Plato zaidi kuliko wa Kristo, na Calvin aliandika kwamba ukimsoma utadhani ni mtu aliyeshuka kutoka mbinguni anasimulia aliyoyaona, hali Paulo, aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, alinyamaza. Hoja ya Calvin ni nzito na sioni haya kuikubali nusu yake: hesabu ya madaraja si kanuni ya imani, na anayekosana na jirani kwa ajili ya kiti cha tano na cha saba amepoteza jioni yake. Ninachokishika mimi ni jinsi wanaohesabiwa wanavyoishi. Ukiusoma mfuatano wote kutoka juu hadi chini humwoni hata mmoja anayedai mahali pake.

Sasa kama bado umeshika kadi za meza, ziweke chini, ufungue Mwanzo sura ya 18. Ni mchana wa jua kali penye mialoni ya Mamre, na wageni watatu wamesimama; sura inayofuata inawaita wawili kati yao malaika. Abrahamu hakuuliza nani mkubwa. Alikimbia kuwalaki, akaagiza maji ya miguu, akamwambia Sara akande vipimo vitatu vya unga ulio safi, akakimbia tena zizini kuchagua ndama laini. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kabla hawajaondoka, Sara asiye na mtoto alikuwa ameahidiwa mwana. Chakula kilipokuwa tayari aliwaandalia siagi, maziwa na nyama. Na mwenye nyumba, mzee wa miaka 99, mwenye mifugo, watumishi na jina kubwa katika nchi ile, alisimama kando yao chini ya mti wakati wao wanakula.